Ubao mmoja, kanuni mbili: Omweso wa Kampala una nini cha kumfunza mfanyabiashara wa mpakani?

NA MWANDISHI WETU, KAMPALA

UGOMVI ulianza saa tisa alasiri, kwenye baraza ya duka la jumla, hatua chache kutoka kichochoro cha Kikuubo. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Kanda ya Ziwa, Tanzania, alikuwa anasubiri sehemu ya mwisho ya malipo yake kabla ya kupanda basi la jioni kuelekea Mutukula. Mwenyeji wake, mzee wa Kiganda ambaye amenunua mchele kwake kwa miaka kadhaa, akaona asimwache mgeni akikaa bure. Akatoa ubao. Dau lilikuwa soda na sahani ya matoke kwa maharage.

Mgeni alipouona ubao alicheka kwa furaha. Safu nne, kila safu mashimo manane, na kete 64. Kwao huo ni bao, mchezo aliokua akiutazama tangu utotoni. Hakuuliza neno. Akakunja mikono ya shati, akaketi.

Haikupita muda, mzee akachota kete za mgeni za safu ya mbele na, kwa mkono uleule, akachota na za safu ya nyuma. Mgeni akamshika mkono. Katika bao alilolelewa nalo, kete za nyuma haziguswi na mtu. Mzee naye akaona anaitwa mwizi barazani kwake, mbele ya makuli na wateja. Sauti zikapanda. Kwa dakika kadhaa, biashara ya magunia iliyojengwa kwa miaka ilikuwa inatikisika kwa sababu ya soda.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeiba. Kila mmoja alicheza kwa haki, kwa kanuni za kwao. Mzee alikuwa anacheza omweso, mgeni alikuwa anacheza bao. Walichokuwa nacho pamoja ni ubao tu.

Kwa msomaji anayevuka mipaka kila wiki, kisa hiki si kigeni. Ndiyo maana nimeona niuchambue omweso wenyewe: kanuni zake zimejengwaje, zina nguvu wapi, na zinavuja wapi.

Ukoo mmoja, majina mengi

Michezo ya kusambaza kete kwenye mashimo imeenea Afrika Mashariki nzima. Buganda wana omweso. Rwanda wana igisoro na Burundi wana ikibuguzo. Walango wa kaskazini mwa Uganda wana coro. Wasukuma wana isolo. Pwani ya Kenya na Tanzania pamoja na Zanzibar kuna bao. Waluo wana ajua, ambao ubao wake una safu mbili badala ya nne.

Omweso ulichezwa katika makasri ya Buganda na pia kwenye vijiji vya kawaida. Mwandishi Michael Nsimbi aliuandikia kijitabu kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1968, na hata kabla yake jarida la Uganda Journal lilikuwa limechapisha makala kuuhusu katika miaka ya 1930. Bao nalo lilimvutia mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, ambaye mwaka 1995 alitoa kitabu kuhusu uwezo wa akili wa mabingwa wa mchezo huo visiwani Zanzibar. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kulipenda bao. Kwa hiyo huu si mchezo wa kupoteza muda tu. Ni mali ya eneo hili, na inastahili kukaguliwa kama mali nyingine.

Unavyochezwa

Kila mchezaji wa omweso humiliki safu mbili zilizo upande wake, yaani mashimo 16, na kete 32. Kwa Kiganda kete hizo huitwa empiki. Kabla ya kuanza, kete nne huwekwa katika kila shimo la safu ya nyuma. Nne mara nane ni 32, hivyo kila mtu anaona kwamba hesabu imetimia. Kisha kila mchezaji huzipanga kete zake upya anavyotaka.

Katika zamu yako unachagua shimo lenye kete mbili au zaidi, unazichota zote, na kuzitia moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kinyume cha mwendo wa saa, ukizunguka upande wako tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, unachota zote na kuendelea.

Kula ndiko kunakoutofautisha mchezo huu. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete katika safu yako ya mbele, tazama mashimo mawili ya mpinzani yaliyo mkabala nalo, la mbele na la nyuma. Yakiwa yote mawili yana kete, unazila zote. Tuseme la mbele lina nne na la nyuma lina tano: unaondoka na tisa. Lakini moja kati ya hayo mawili likiwa tupu, huli chochote. Kete ulizokula hazitoki ubaoni. Unazisambaza upande wako, kuanzia pale ulipoanzia mzunguko uliokupatia kete hizo, na mchezo unaendelea.

Ipo pia ruhusa ya kurudi nyuma. Kutoka mashimo manane ya upande wako wa kushoto unaweza kusambaza kwa kufuata mwendo wa saa, iwapo tu kufanya hivyo kutakuwezesha kula moja kwa moja. Anayeshindwa ni yule asiye na shimo lenye angalau kete mbili la kuanzia.

Panapong'ara

Nguvu ya kwanza ya kanuni hizi ni uwazi. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Mtaji wako na wa mwenzako uko mezani, na kila mtu anauona. Ukishindwa, umeshindwa na akili ya mtu, si bahati yake. Kwa mchezo unaochezwa kati ya watu wasiofahamiana vizuri, hilo ni jambo kubwa.

Nguvu ya pili, na kwangu ndiyo bora kuliko zote, iko katika sharti la mashimo mawili. Kwa kuwa mpinzani hawezi kula mpaka shimo la mbele na la nyuma yote yawe na kete, unaweza kulinda akiba yako ya nyuma kwa kuliacha tupu shimo la mbele yake. Ni kinga rahisi ambayo mtoto anaielewa. Lakini ina gharama. Wewe mwenyewe unaweza kula tu pale kete yako ya mwisho inapofikia shimo la mbele lenye kete. Kadiri unavyoacha safu ya mbele tupu ili kujilinda, ndivyo unavyojinyima nafasi za kushambulia. Mfanyabiashara anayeficha bidhaa zote stoo haibiwi, lakini hauzi pia. Kanuni moja fupi imezaa swali linaloulizwa katika kila zamu: nijifungie, au nitoke?

Nguvu ya tatu ni kwamba kete hazipotei. Zote 64 zinabaki ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyebakiwa na kete 15 anaweza kupiga hesabu moja nzuri, akala mara mbili au tatu katika zamu moja, na ubao ukageuka. Nimewaona watazamaji wa Kampala wakikataa kuondoka hata pale mmoja anapoonekana amekwisha. Wanajua kwamba haijaisha.

Na kuna njia za mkato za ushindi zinazoupa mchezo msisimko. Mchezaji anayekula kete kwenye ncha zote mbili za ubao wa mpinzani katika zamu moja hushinda papo hapo. Huo huitwa emitwe ebiri, vichwa viwili. Msomaji wa pwani atatabasamu hapa, maana katika bao pia shimo la mwisho la safu ya mbele huitwa kichwa. Njia nyingine ni akakyala, yaani kula katika zamu mbili tofauti kabla mpinzani hajala hata mara moja.

La mwisho ni gharama. Asiye na ubao huchimba mashimo 32 ardhini, akaokota mbegu au kokoto. Mchezo huu hauhitaji umeme, wala intaneti, wala kununua toleo jipya kila mwaka.

Panapovuja

Sasa tuje kwenye kasoro, na zipo.

Ya kwanza ni zamu isiyo na mwisho. Kwa kuwa kete ya mwisho ikikuta kete nyingine unaendelea, kuna mpangilio ambao mkono unazunguka na kuzunguka bila kufika kwenye shimo tupu. Kanuni ya msingi haisemi lolote kuhusu hali hiyo. Katika mashindano imebidi kuwekwe kikomo cha muda na mchezo kufutwa unapopita. Hicho ni kiraka, na kiraka ni ushahidi kwamba nguo ilikuwa na tundu.

Ya pili ni ugumu wa kuona mbele. Zamu moja inaweza kugusa karibu kila shimo la upande wako, ikala, ikaanza upya, ikala tena. Bingwa anaona matokeo kabla ya kugusa kete. Mwanafunzi haoni chochote. Anashindwa mara kumi bila kujua kosa lake lilikuwa lipi, na mchezo usiokuonyesha kosa lako ni mgumu kujifunza. Vijana wengi wa Kampala huchagua ludo, ambako dadu humpa hata mgeni nafasi ya kushinda siku ya kwanza.

Ya tatu ni mpangilio wa mwanzo. Uhuru wa kupanga kete utakavyo ni mtamu kwa mjuzi, lakini ni mtego kwa mgeni. Akipanga vibaya, akakyala inammaliza kabla hajaonja chochote. Anayepanga wa pili naye anakuwa amekwisha kuona mpango wa mwenzake.

Ya nne ni mkono. Omweso huchezwa kwa kasi, na wazee huona haya kumtazama mtu anayehesabu kete moja moja kwa kidole. Kasi hiyo ni uzuri wa mchezo, lakini pia ni mlango wa makosa. Kete mbili zikiangukia shimo moja, hakuna kumbukumbu ya kurudi nyuma na kusahihisha. Kanuni zimemwachia mpinzani kazi yote ya ukaguzi: usipoona, imepita.

Ya tano haimo katika kanuni bali katika desturi. Katika mabaraza yote niliyopita, sikumwona mwanamke aliyeketi ubaoni. Wakati huohuo, ukisimama Busia au Mutukula asubuhi utaona jinsi biashara ndogo ya mpakani inavyobebwa na wanawake. Mchezo unaomwacha nje mtu huyo unajipunguzia wachezaji wenyewe.

Pwani walizibaje mianya hiyo?

Ukilinganisha na bao la Waswahili, utaona kwamba wao walichukua ubao uleule wakajibu baadhi ya maswali haya kwa njia nyingine.

Suala la mpangilio walilifunga kabisa. Katika bao la wajuzi, kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki 22 hushikwa mkononi na kuingizwa moja kila zamu. Hatua hiyo huitwa kunamua. Ghala likiisha, mchezo huingia hatua ya pili ambayo, kwa wasomaji wa ukurasa huu, jina lake halihitaji maelezo: mtaji.

Suala la akiba walilijibu kwa kuifanya safu ya nyuma kuwa salama. Huliwa kete za mbele tu. Lakini mchezaji ambaye safu yake ya mbele imekauka ameshindwa, hata kama nyuma amejaza kete 20. Wachezaji husema hamna. Kwa hiyo bao halimruhusu mtu kujificha milele, na omweso nao hauruhusu, ila kila mmoja unamtoa mtu mafichoni kwa njia yake.

Bao pia linalazimisha kula pale inapowezekana. Asiyeweza kula ndiye anatakata. Na nyumba ina haki zake: mkono ukifika hapo wakati wa kunamua, mwenyewe anaweza kuamua kulala au kuendelea na safari.

Gharama ya ufundi huo ni wingi wa kanuni. Omweso unaweza kuelezwa huku chai ikipoa. Bao la wajuzi linahitaji mwalimu, na ndiyo maana kuna bao la kujifunza, ambalo kete huanza mbili mbili kila shimo bila kunamua. Omweso ni rahisi kuingia na mgumu kutawala, bao ni gumu mlangoni na hata ndani. Ukiniuliza upi umejengwa vizuri zaidi, nitasema bao limezibwa mianya mingi zaidi, lakini hakuna kanuni ya bao inayofikia sharti la mashimo mawili la omweso kwa ufupi na uzito.

Hata karata zina mipaka

Tatizo la kifaa kimoja na kanuni tofauti haliishii kwenye mashimo. Mkenya akialikwa Kampala kucheza matatu anaweza kutafuta gari la abiria. Hapa matatu ni mchezo wa karata, ambao karata ya saba ya aina iliyochaguliwa mwanzoni hukata mchezo ghafla, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mchezo wa jamii hiyohiyo huchezwa Kenya, ila huko ukikaribia kumaliza sharti utangaze kwamba uko kadi. Usipotangaza, ushindi wako haukubaliki. Pakiti ni ileile, lakini anayejua kanuni za kwao tu anaweza kushinda na bado akaondoka mikono mitupu.

Maswali matano kabla ya kuketi

Kwa anayekaa Kampala akisubiri malipo, mzigo au basi, haya ndiyo ya kuuliza kabla ya kugusa kete:

Moja, tunakula safu ya mbele tu, au mbele na nyuma?

Mbili, kete zinapangwaje mwanzoni, na nani anapanga kwanza?

Tatu, kurudi nyuma kunaruhusiwa kutoka mashimo yapi?

Nne, emitwe ebiri na akakyala vinahesabika leo?

Tano, mkono ukizunguka bila kusimama, tunafanya nini?

Maswali hayo hayamalizi hata dakika mbili. Kuuliza si ujinga, na kwa mwenyeji ni heshima, maana unamwambia kwamba unatambua uko kwake.

Na ubao ule mkubwa?

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ni ubao mmoja. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja mwaka 2010. Hata hivyo kila mfanyabiashara ana kumbukumbu ya siku alipokuta mwenzake anacheza kwa kanuni nyingine. Februari 2019 njia ya Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ilifungwa, na haikufunguliwa tena mpaka mwisho wa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu. Waliokuwa na malori barabarani hawakuwa wamevunja kanuni waliyoijua. Kanuni ilibadilika mkono ukiwa hewani.

Katika hilo mchuuzi hana nguvu ya kuzuia. Alicho nacho ni kuuliza mapema. Upo utaratibu rahisi wa biashara kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ambao hutumia cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Ni kama shimo la mbele lililoachwa tupu kwa makusudi: kinga ndogo inayomsaidia yule tu anayejua kwamba ipo. Kabla ya kupakia, uliza bidhaa yako imo kwenye orodha, uliza viwango vya ubora vya nchi unakokwenda, na uliza wiki hii, si mwaka jana.

Turudi barazani. Aliyewaamua wale wawili alikuwa kuli mmoja aliyewahi kufanya kazi Mwanza na aliyejua michezo yote miwili. Aliwaeleza, taratibu, kwamba kila mmoja ana haki kwao. Wakakubaliana kuanza upya: mchezo mmoja kwa kanuni za Buganda, mmoja kwa kanuni za bao. Mzee akashinda wa kwanza, mgeni akashinda wa pili. Soda zikawa mbili, na matoke wakala sahani moja.

Malipo yalifika saa kumi na moja. Mgeni aliyahesabu noti moja moja, bila haraka, na mzee hakuona haya kumsubiri.